Nzi Hana Homa

Vikopo vyote vilikuwa salama isipokuwa vya Mama Hoza, na mimi, kwa kutojua, nikaanza kwa kumtania.

Jioni iliyotangulia umeme ulikuwa umekatika. Tunaishi zama ambazo dawa inapelekwa Handeni kwa ndege isiyo na rubani, na mtoto aliyezaliwa na tundu moyoni anatibiwa bila kupasuliwa kifua, lakini mgao wa umeme tumeurithi kwa babu zetu na tunautunza vizuri. Betri za kituo chetu cha kutibu mioyo ya watoto zilikwenda wodini kwao, kama inavyopaswa. Chumba cha nzi, tunamofugia nzi wa utafiti, kikaachiwa baridi ya Lushoto ya mwezi wa saba, na baridi hiyo si ya mchezo. Yai la nzi likipoa sana linaacha kukua, na kazi ya wiki nzima inakwenda na maji.

Kwa hiyo akina mama wa chumba cha nzi walifanya kama wanavyofanya siku zote. Kila mmoja alichukua vikopo vyake, kila kimoja kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda, ndani yake jeli ya plamu na mayai juu yake. Akavifunga kwenye pindo la kanga, akavipachika kifuani ngozi kwa ngozi, akavaa sweta juu yake na kwenda navyo nyumbani. Wakasonga ugali navyo, wakagombeza watoto navyo, wakalala chali, asubuhi wakavirudisha vikiwa na joto la mwili. Njia hii hawakufundishwa na mtu. Waliianza wenyewe mwaka wa kwanza wa kituo na haijawahi kutuangusha. Wageni waliokuja kututembelea walitucheka, wakapiga picha, kisha wakaenda kuandika kwamba tuna mfumo mbadala wa kudhibiti joto.

Nikaketi kwenye hadubini na kuwasha taa ya buluu. Nzi wetu wamepandikizwa rangi: seli ikishakuwa ya moyo inang'aa kijani, na nyingine zote zinabaki gizani. Kwenye kiinitete cha nzi, yaani nzi anayejengeka ndani ya yai, moyo huanza kama mistari miwili ya seli, mmoja kila ubavu. Mistari hiyo hupanda polepole hadi mgongoni, ikakutana katikati na kujifunga kama zipu ya gauni. Baada ya hapo bomba hilo jembamba linaanza kudunda. Nimeitazama safari hiyo tangu nikiwa mwanafunzi na bado hunifanya nishike pumzi.

Vikopo vya wengine vilikuwa hivyo, mstari mmoja wa kijani mgongoni, safi kabisa. Nikaweka cha Mama Hoza.

Kijani kilikuwa kila mahali. Kilikuwa mgongoni, ndiyo, lakini pia kilikuwa tumboni, mahali pa utumbo, na ubavuni, mahali pa misuli. Vipande vya moyo, vikubwa kwa vidogo, vimetapakaa kwenye kiinitete kisichofikia ukubwa wa punje ya chumvi. Na vilikuwa vinadunda. Kila kipande kwa mwendo wake, bila kusikilizana.

"Mama Hoza!" nikaita. "Umewapa nini hawa? Wamekuwa mioyo mitupu, hata pa kuweka chakula hawana."

Wenzake wakacheka. Yeye alikuwa kwenye kona karibu na sinki, amejikunja ndani ya sweta mbili.

"Niliwabeba vizuri tu, Dakta," akasema. "Wala sikuwatikisa."

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikanyanyuka kwenda kumtoa wasiwasi, maana ni mtu mzima na sikutaka aone nimemwaibisha mbele ya wenzake. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto kama kikombe cha uji.

"Mama Hoza, una homa wewe."

"Ya kawaida tu, Dakta. Nilikwenda msibani Korogwe, unajua mbu wa bondeni walivyo. Usiku iliniwakia, asubuhi imepoa, sasa naona inarudi. Nimeshaanza dawa."

Nikabaki nimemshika mkono. Wenzake waliacha kucheka mmoja mmoja, si kwa sababu walielewa, ila kwa sababu waliuona uso wangu.

*

Mtu anayetaka kujenga nyumba huajiri mafundi wengi, na tuseme kila fundi anapewa ramani ya nyumba nzima. Kinachomfanya huyu apandishe ukuta na yule achimbe choo ni nyapara. Mwili unajengwa hivyohivyo. Kila seli ina maelekezo yote, ya jicho, ya ini, ya ukucha, na jeni chache ndizo manyapara, zinazowaambia wengine nani afanye nini na saa ngapi. Moyo una nyapara wake. Wa nzi na wa binadamu wanafanana kiasi kwamba mara ya kwanza nilipofundishwa nilidhani mwalimu anatia chumvi.

Nyapara wa moyo anaita kwa muda mfupi tu. Seli chache zinaitika, kisha manyapara wengine wanamnyamazisha, na waliokusudiwa kuwa utumbo wanaendelea kuwa utumbo. Usalama wote uko kwenye kule kunyamazishwa.

Kituo chetu kilijengwa juu ya wazo moja: tukimwamsha nyapara huyo tena ndani ya mtoto mwenye moyo mbovu, moyo utajitengeneza kama ulivyokuwa ukijitengeneza tumboni mwa mama yake. Tukamfunga nyapara kwenye swichi ya joto. Joto la mwili likipanda juu kidogo ya kawaida anaamka, likishuka analala. Mtoto anapigwa sindano moja yenye swichi hiyo, kisha anakuja kwetu kila mwezi kuogeshwa maji ya moto kwa nusu saa. Maji yanampandisha joto, nyapara anaita, ukuta wa moyo unaongezeka, mtoto anatolewa, anafutwa, anapewa chai. Mwezi hadi mwezi tundu linaziba. Nimeona watoto waliokuja na midomo ya rangi ya zambarau wakipanda ngazi zetu mbio, na sitamruhusu mtu aniambie kazi ile ilikuwa ya bure.

Tulijua kwamba swichi nyingine hupotea njiani na kuishia kwenye utumbo na misuli. Tulilijibu hilo kwa nzi wetu, waliopandikizwa pia swichi hiyohiyo. Tulivitia viinitete kwenye joto nusu saa, tukavitoa, na seli za utumbo zilimsikia nyapara lakini zikasahau haraka. Tulirudia hadi tukachoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuviacha kwenye joto usiku kucha, lipande, lishuke, lipande tena. Uviache ili iweje? Kwa mtu wa nzi joto ni kitu unachotia na kutoa, kama mkate kwenye tanuri. Nzi akiwekwa kwenye baridi anapoa, akiwekwa juani anapata moto, basi. Mwili wake hauwaki wenyewe. Nzi hana homa.

Nasi tulifanya kazi juu mlimani, kwenye blanketi na ukungu, mahali ambapo mbu wa malaria ni hadithi ya watu wa bondeni. Watoto wetu ndio waliokuwa watu wa bondeni. Waliogeshwa huku, wakarudi Mombo, Korogwe, Handeni, Pangani. Masika ilikuwa imekwisha na madimbwi bado yamejaa. Wazazi tuliwaambia kwamba homa ndogo isiwatie wasiwasi.

Nilimpeleka Mama Hoza zahanati ya kituo mwenyewe, nikamkabidhi kwa muuguzi. Kisha nikarudi, nikachukua mayai mapya, nikayaweka kwenye maji yaliyokuwa yakipanda na kushuka joto kama homa ya Mama Hoza ilivyopanda na kushuka. Mengine nikayaacha kwenye joto la kawaida. Usingizi ulinikataa. Nilijilaza nikimfikiria Sikudhani, binti wa dada yangu, aliyekuwa anakuja kesho yake mchana kuoga mara ya mwisho.

Mimi ndiye niliyemshawishi dada amlete. Na siku ya sindano, mtoto alipokataa katakata na kujibana nyuma ya mlango, mimi ndiye niliyechuchumaa na kumwambia kwamba tunampandia mbegu ya moyo mpya, na kwamba kazi yake itakuwa kuimwagilia joto tu mpaka iote. Watoto wanapenda kupanda vitu. Alifikiri kidogo, kisha akatoa mkono.

*

"Hawa ni nzi," alisema Dakta Mndolwa.

Yeye ndiye mkuu wa kituo, na ndiye aliyeniajiri. Alikuwa ameinama kwenye hadubini muda mrefu mno kwa mtu aliyetaka kusema maneno hayo matatu tu. Viinitete vya homa vilikuwa vimetoka kama vya Mama Hoza, vyote, bila kubakiza. Vya joto la kawaida havikuwa na dosari.

"Miaka yote tumekuwa tukisema nzi ni kioo cha mtoto," nikamjibu. "Leo kioo kimetuonyesha tusichokipenda ndiyo wamekuwa nzi tu?"

"Keti, Sauda."

"Siwezi kuketi, Dakta."

Akavua miwani. Aliifuta kwa pindo la koti, akaifuta tena, nikaona na yeye anaogopa, na hilo halikunifariji hata chembe. Nyuma yake ukutani kilikuwepo kile kitufe chekundu na kipaza sauti chake. Viko katika kila chumba cha daktari wa zamu, hata cha kuogeshea. Ukibonyeza na kuongea, simu za wazazi wote zinaita kwa mpigo na kila mmoja anakusikia. Huwa tunaitumia kukumbusha siku za kuoga na kutakia watu Idi njema.

"Nisikilize kama mtu aliyezika watoto," alisema. "Kabla hujaja hapa, ulizuka uvumi kwamba sindano yetu inaotesha mikia. Uvumi mtupu. Wazazi wakaacha kuwaleta. Unajua ukuta wa moyo ambao haujakamilika unafanya nini?"

"Unabomoka."

"Unabomoka. Tulikwenda kwenye mazishi mpaka viatu vikaisha soli. Sasa wewe bonyeza hicho kitufe, useme hayo ya nzi. Kesho wizara itafunga mlango, na itakuwa na haki. Watoto waliobakiza bafu tatu wataishia hapo. Waliobakiza moja wataishia hapo." Akanitazama. "Mpwa wako ni wa leo, siyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwogeshe. Ni nusu saa, na nusu saa tumeipima, haina neno. Amalize, awe salama. Kesho asubuhi mimi na wewe tutakaa, tutaandika kwa utulivu, tutasema mtoto akipata homa ashushwe joto mapema. Hatutawaambia kwa nini. Watatii tu, wazazi wa watoto wagonjwa ni watiifu."

"Na yule mwenye homa leo?"

"Huenda hayupo."

"Bondeni? Mwezi huu?"

Laiti angenitisha, ningejua la kufanya, maana mimi nikitishwa huwa natoa makucha. Angesema atanifukuza, ningebonyeza palepale huku nikimkazia macho. Lakini alikuwa ananipa uhai wa mtoto wa dada yangu mkononi, na alinionea huruma kweli, na nilimwelewa. Hicho ndicho kilichonimaliza.

Nilikitazama kile kitufe. Nikamwona Sikudhani akipanda ngazi za shule yao na kukaa chini kila baada ya hatua chache, kama alivyokuwa mwaka jana. Nikajaribu kuwaona watoto wengine, wa watu nisiowajua, wamelala chini ya vyandarua wakiwaka homa. Sikuweza kuwaona nyuso. Niliogopa mno kujua nilivyo, lakini ndivyo nilivyokuwa.

"Kesho asubuhi," nikasema.

"Kesho asubuhi," akaitikia, akavaa miwani yake.

Nikajiambia kwamba ni alasiri moja tu.

*

Dada Zubeda aliingia na mkungu wa ndizi kichwani, kwa sababu hajawahi kuamini kwamba huku mlimani tunakula.

"Umekonda, wewe," akasema badala ya salamu. "Hao nzi ndio wanaokula chakula chako?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mwone huyu mwenzio alivyonawiri. Sikudhani, msalimie mama mdogo."

"Shikamoo, mama mdogo."

Alikuwa amenawiri kweli. Mashavu yamejaa, midomo ina rangi ya midomo, macho yana utundu. Alivua gauni mwenyewe akabaki na kaptura yake ya kuogea, akapanda kitandani kupimwa kama mwenyeji. Miguu yake ilining'inia ikipigapiga upande wa kitanda. Nikaona kila mara ananitazama kisha anauma midomo, kama mtu aliyeficha peremende.

"Leo ndiyo mwisho, mama mdogo?"

"Leo ndiyo mwisho."

"Halafu nitacheza nage?"

"Utacheza nage mpaka mama yako akuite kwa kiboko."

Nikafungua maji. Bafu letu ni kubwa, la bati jeupe, na mvuke wake hujaza chumba chote hadi vioo vinalia. Nikatia kiwiko kupima. Nikajiambia kwamba nusu saa tumeipima, kwamba baada ya nusu saa mtoto huyu atakuwa amemaliza na mimi nitaweza kuwa mtu mwema tena.

"Hayo maji leo si ya moto mno?" dada akauliza huku akimenya ndizi. "Usimwunguze. Ameshawaka vya kutosha."

"Ameshawaka vipi?"

"Si ile homa? Aa, sikukwambia. Mwezi uliopita, mkishamwogesha tu, tumerudi nyumbani, ikamshika. Siku tatu nzima. Inapanda, inashuka, usiku inapanda tena. Nilitaka kukupigia simu nikasema sikusumbui bure, ninyi wenyewe mlisema homa ndogo si kitu. Zahanati walimpima, malaria, wakampa dawa, ikaisha. Tangu hapo anakula kama anawalisha wawili."

Aliendelea kumenya ndizi. Mvuke ulikuwa unapanda baina yetu. Nilijua nikifungua mdomo nitapiga kelele.

Nikachukua stetoskopu.

Kifuani kwanza. Nilisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu maishani. Moyo wa Sikudhani ulikuwa mzuri. Ule mluzi wa tundu, uliokuwa ukinitoa machozi mwaka jana, ulikuwa umebaki kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Bafu moja, na usingesikika kabisa.

"Mzima?" dada akauliza.

"Moyo ni mzuri."

"Alhamdulillahi."

Ndipo Sikudhani akanivuta shingo. Akaweka mdomo sikioni mwangu, na pumzi yake ilinukia ndizi.

"Usimwambie mama," akanong'ona. "Nataka nimwambie mwenyewe."

"Umwambie nini?"

"Umeota."

Akauchukua mkono wangu na stetoskopu yake, akaushusha. Akapita mbavu, akapita kitovu kidogo upande wa kulia, akasimama hapo na kukandamiza. Alipajua mahali penyewe bila kutafuta.

Nilijaribu kujidanganya. Kila mtu ana mshipa mkubwa unaopita tumboni, na kwa mtoto mwembamba unaweza kuusikia ukigonga. Lakini mshipa ule hugonga pamoja na moyo, hauna uhuru wa kwenda peke yake. Nikaweka vidole vyangu kwenye kifundo cha mkono wa Sikudhani nihesabu mapigo ya moyo wake, na masikio yangu nikayaacha kule chini. Kifundoni kulipiga taratibu. Tumboni kulipiga mbiombio, kidogo, kikavu, bila kumngoja mwenzake. Niliujua mwendo ule. Nilikuwa nimeutazama tangu jana, wa kijani, kwenye jeli ya plamu.

"Unausikia?" akanong'ona. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Nilikuwa naumwagilia hata nyumbani, kama ulivyoniambia. Nilipopata homa nilijifunika blanketi mbili. Zile dawa za kushusha joto mama alinipa, nikawa nazitema. Si ulisema unataka joto?"

Si ulisema. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu kuliko sisi wote.

Bafu lilikuwa limejaa. Nusu saa ya maji yale ingemaliza ukuta wa moyo wake, na nusu saa hiyohiyo ingemwita yule wa chini, ambaye alishajifunza kuitika. Nikaingiza mkono kwenye maji hadi begani, nikang'oa kizibo.

"We Sauda!" dada akasimama. "Una nini? Mbona unamwaga?"

Maji yalikuwa yananguruma yakishuka. Nikaenda ukutani. Niliwaza kwamba tangu asubuhi, nilipokuwa nimesimama mbele ya kitufe kama hiki nikichagua, kulikuwa na mtoto mahali fulani bondeni joto linampanda na mama yake anamwambia ni homa ndogo tu, daktari alisema. Sasa nilimwona uso. Alikuwa na uso wa Sikudhani. Nikabonyeza.

"Wazazi wote," nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye simu iliyokuwa ndani ya mkoba wa dada. "Mimi ni Dakta Sauda Shemboko. Kuna mtoto ana homa sasa hivi? Mvue nguo, mpanguse maji, mpe dawa ya kushusha joto, usimfunike. Fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote, kisha mleteni. Homa inaiamsha swichi na kuiacha macho. Tuliwaambia homa ndogo haina neno. Tulikosea. Tumelijua hili tangu jana."

Mlango wa ofisi ya Dakta Mndolwa ulifunguka huko ukumbini. Nilisikia viatu vyake, nikasikia vikisimama. Hakuingia.

"Na mtoto yeyote aliyewahi kupata homa tangu aanze kuja kwetu," nikaendelea, na hapa ulimi ulinigoma, ikabidi nianze upya. "Mtoto yeyote aliyewahi kupata homa. Mlaze chali. Weka sikio lako tumboni mwake, usikilize. Ukisikia kitu kinapiga mbio, kimetofautiana na moyo, usimwogeshe maji ya moto, usimkandekande. Mlete. Sijui tutafanya nini. Lakini mlete."

Nikaachia kitufe. Maji yaliyobaki bafuni yalikoroma mara moja, yakaisha, na chumba kikawa kimya. Niliwafikiria watu wote wale, huko Mombo na Korogwe na Pangani, wanaacha majembe na mizani na masufuria, wanawalaza watoto kwenye mikeka na kuinamisha vichwa.

Sikutaka kugeuka. Nilipogeuka, dada alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameweka sikio kwenye tumbo la mwanawe. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Sikudhani alikuwa anacheka kwa kutekenywa na nywele za mama yake, amemshika kichwa kwa mikono miwili na anamsogeza.

"Siyo hapo, mama," alisema. "Shuka kidogo."